Nambari 198, kiraka wa Patriots

Wapenzi wa kandanda, msomaji, wana jina la mchezaji ambaye kocha humtupa popote penye pengo. Leo ni beki, Jumamosi ijayo ni winga, na siku mlinda lango akiumia, glavu huwa zake. Humwita kiraka. Ni sifa, lakini ni sifa yenye uchungu ndani yake, kwa maana hakuna mtu aendaye dukani kununua kiraka. Hutafutwa nguo ikishararuka.

Juma hili nataka kukusimulia habari za kiraka mmoja wa ule mchezo wa Wamarekani ambao wengi wetu tukiuona kwenye televisheni hubadilisha stesheni mara moja. Wao huuita futboli, ingawa mguu haukutani na mpira ila kwa nadra. Jina lake ni Troy Brown, na kwa misimu 15 aliichezea klabu moja tu, New England Patriots, yenye uwanja wake Foxborough karibu na jiji la Boston.

Kabla hatujaenda mbali, sharti nikueleze kwa nini ukiraka katika mchezo huo ni jambo la ajabu. Katika raga, kijana anayekimbia na mpira ndiye huyo huyo atakayemwangusha adui mpira ukipotea. Wamarekani wameukata mchezo wao vipande. Timu huwa na wachezaji 11 wa kushambulia. Mpira ukipotea, hao 11 hutoka uwanjani wote wakaenda kunywa maji, wakaingia wengine 11 ambao kazi yao ni kuzuia basi. Lipo pia kundi la tatu, la shughuli za mikwaju. Kila kundi lina makocha wake, vikao vyake na mafumbo yake ya kukariri.

Zamani haikuwa hivyo. Mchezaji alishambulia na kuzuia mpaka kipenga cha mwisho. Lakini tangu mwaka 1950, sheria ziliporuhusu moja kwa moja kubadilisha wachezaji bila kikomo, kila mtu alijichimbia katika kazi yake. Chuck Bednarik wa Philadelphia, aliyecheza pande zote mbili mwaka 1960, alisifiwa kama mtu wa mwisho wa kizazi kilichokwisha. Miaka ya 1990 Deion Sanders alicheza pande zote mbili pia, lakini huyo alikuwa nyota tayari. Troy Brown hakuwa nyota.

Alizaliwa mwaka 1971 huko Barnwell, jimbo la South Carolina. Kimo chake ni futi 5 na inchi 10, ambacho katika mchezo ule wa majitu ni kimo cha mtu wa kuchota maji. Vyuo vikuu vya sifa havikumtaka. Alianza katika chuo kidogo cha Lees-McRae, akahamia Marshall, West Virginia, na mwaka 1992 akawa miongoni mwa vijana waliotwaa ubingwa wa daraja la pili la vyuo.

Kila mwaka mwezi wa Aprili klabu za Marekani hukutana kuchagua wachezaji wanaotoka vyuoni. Iliyofanya vibaya zaidi hutangulia kuchagua, kisha inayofuata, hadi raundi zote ziishe. Aprili 1993 (mwezi ule ule ambao Cosmas Ndeti wetu alishinda marathoni ya Boston kwa mara ya kwanza) klabu ya kwanza kuchagua ilikuwa Patriots, kwa kuwa msimu uliotangulia ilishinda mechi 2 ikapoteza 14. Ilimchukua Drew Bledsoe, kijana mrefu mwenye mkono wa kurusha mpira kama kombeo, akabidhiwe kazi ya kuongoza mashambulizi. Huyo ndiye nambari 1. Ilipofika raundi ya nane, ya mwisho, wengi wakiwa wamekwisha kufunga madaftari, klabu hiyo hiyo ikamtaja Troy Brown. Alikuwa nambari 198 kati ya 224.

Hebu angalia jinsi mlango ulivyokuwa mwembamba. Mwaka uliofuata raundi zilipunguzwa zikawa saba. Raundi iliyompa Brown kazi ilifutwa kabisa.

Na hata hivyo hakudumu. Agosti 1994 alitemwa. Wewe kijana unayesubiri barua ya kazi unaijua hali hiyo: umemaliza chuo, umeajiriwa, jamaa wamekwisha kujivuna, halafu unaambiwa kusanya vitu vyako. Oktoba, msimu ukiwa umeshika moto, klabu ikamwita tena. Haikumwita kwa sababu ya kudaka mipira, kazi aliyoisomea, bali arudishe mikwaju. Mtu wa kazi hiyo husimama peke yake nyuma kabisa, akautazama mpira ukishuka kutoka angani huku wanaume 11 wakimjia mbio. Asipoudaka vizuri, aibu ni yake. Akiudaka, kipigo ni chake.

Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha kwa miaka. Nafasi ya kudaka alipewa kwa kijiko, msimu huu pasi chache, ujao nyingine chache. Hadi anakuwa mdakaji wa kutegemewa ilikuwa mwaka 2000, naye yuko karibu na miaka 30, umri ambao wengi wa kazi hiyo huanza kutafuta biashara nyingine. Msimu wa 2001 alidaka pasi 101 na kusonga yadi 1,199. Hakuna mchezaji wa Patriots aliyekuwa amedaka nyingi kiasi hicho kwa msimu mmoja.

Msimu huo ndio ulioipindua klabu. Septemba, Bledsoe aliangushwa vibaya, akaumia ndani ya kifua. Nafasi yake ikachukuliwa na kijana asiyejulikana, Tom Brady, ambaye naye mwaka 2000 alikuwa amechaguliwa nambari 199. Sitakueleza habari za Brady, maana dunia nzima imezieleza. Twende Pittsburgh, Januari 27, 2002, mechi ya kuamua nani aende fainali, ile Super Bowl.

Wenyeji walipiga mkwaju mrefu kuuondoa mpira, lakini mwenzao mmoja alikosea sheria, ikabidi mkwaju urudiwe. Uliporudiwa, Brown aliudaka, akapita katikati yao kama maji, yadi 55 hadi mwisho wa uwanja. Hiyo wao huita tachidauni, ni ndugu ya trai ya raga, na huzaa pointi 6. Kabla ya mapumziko Brady akaumia kifundo cha mguu. Nani akaingia? Bledsoe, nambari 1 aliyekuwa amekaa benchi tangu Septemba, naye akafunga kwa pasi. Katika kipindi cha pili Pittsburgh walijaribu mkwaju wa kupitisha mpira kati ya milingoti, ukazuiwa. Brown aliuokota ukidunda, akakimbia kidogo, na alipoona anakaribia kukamatwa akamtupia mwenzake Antwan Harris, aliyemaliza safari. Patriots walishinda 24–17. Mbali na hayo Brown alikuwa amedaka pasi 8. Siku hiyo hiyo moja!

Wiki iliyofuata huko New Orleans, pointi zikiwa 17–17 na sekunde zikiyeyuka, Brady alimpa Brown pasi ya yadi 23 iliyowafikisha karibu kiasi cha kumwezesha Adam Vinatieri kupiga mkwaju wa ushindi. Ikawa 20–17, ubingwa wa kwanza wa klabu hiyo.

Lakini mimi, nikiulizwa ni msimu gani wa Brown ningependa wanangu wausome, sitaji huo. Nataja wa 2004.

Alikuwa na miaka 33. Wadakaji vijana wamempita, na msimu mzima alidaka pasi 17 tu. Mwishoni mwa Oktoba mabeki hodari wa Patriots, kina Ty Law na Tyrone Poole, walikuwa majeruhi. Kocha Bill Belichick alikuwa amekwisha kumjaribu Brown upande wa ulinzi mazoezini, na sasa akamtuma kweli. Yaani mtu aliyetumia miaka 11 kuwakimbia mabeki aligeuzwa beki. Kwanza, beki hukimbia kinyumenyume. Pili, haujui mpira unakwenda wapi, ilhali mdakaji anajua. Tatu, lazima aangushe watu, na yeye maisha yake yote ndiye aliyekuwa akiangushwa. Wengine wa umri wake wangeona ni dharau, ningewaelewa.

Novemba 7 huko St. Louis alicheza ulinzi, na siku hiyo hiyo akadaka pasi ya tachidauni aliyorushiwa na Vinatieri, mpiga mikwaju, katika mtego wa kuwahadaa wapinzani. Juma lililofuata Buffalo walikuja Foxborough. Mrushaji wao alikuwa nani? Drew Bledsoe, aliyekuwa ameuzwa huko baada ya Brady kushika hatamu. Bledsoe akarusha, beki akaunyaka mpira. Beki huyo alikuwa Troy Brown. Nambari 1 na nambari 198 wa Aprili ile moja walikutana hivyo, tena upande ambao hakuna mmoja wao angeuota. Brown alinyaka mipira mitatu msimu huo, na Februari 2005 Patriots wakatwaa ubingwa wa tatu.

Shukrani yake? Mwaka huo huo wa 2005 klabu iliuacha mkataba wake, halafu ikamsajili upya. Naye akarudi.

Alistaafu mwaka 2008 akiwa na pasi 557, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa Patriots kufikia siku hiyo. Mwaka 2012 klabu ilimweka katika ukumbi wake wa mashujaa, na kuanzia 2019 alirudi Foxborough kwa miaka kadhaa miongoni mwa makocha. Ukumbi mkuu wa taifa, ule wa Canton, Ohio, haujampa nafasi, nami sioni kama utampa. Pale mdakaji hupimwa na wadakaji, beki na mabeki, na katika kila mzani Brown huonekana mwepesi. Mzani wa kumpima mtu aliyezifanya zote haupo. Naona ni kasoro ya mzani.

Nisikuache bila tukio moja la mwisho. San Diego, Januari 14, 2007, mechi ya mtoano, Brown ana miaka 35. Patriots wako nyuma 21–13, dakika zimebaki sita na ushei. Brady akarusha, na beki Marlon McCree akaunyaka. Mechi ilikuwa imekwisha. McCree angejilaza chini tu, lakini alitaka kukimbia. Brown, ambaye sekunde moja iliyopita alikuwa mdakaji, akawa beki tena: akaufikia mpira mikononi mwa McCree, akaupangusa, ukaanguka, na mwenzake Reche Caldwell akaulalia. Patriots walisawazisha, kisha wakashinda 24–21.

Ukitafuta takwimu za siku ile, utakuta McCree ameandikiwa kwamba aliunyaka mpira wa Brady. Na ni kweli, aliunyaka.