KODI YAPOKEWA, HAKI YAKATALIWA

Wananchi, dhulma haiji siku zote na upanga mkononi. Mara nyingi hujificha ndani ya kifungu kimoja cha sheria, kilichoandikwa kwa maneno mapole. Mfano wake ulionekana Marekani, nchi ijisifuyo kwa usawa wa raia wake.

Mwezi wa Machi 2020, wakati wa maradhi ya korona, nchi hiyo ilipitisha sheria ya nafuu ya kodi: dola 1,200 kwa mtu mzima wa kipato cha kadiri, na dola 500 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 17. Lakini mume na mke waliopeleka hesabu yao ya kodi kwa pamoja walishurutishwa wote wawili wawe na namba ya Hifadhi ya Jamii. Mgeni asiyestahiki namba hiyo hupewa nyingine, iliyoanzishwa 1996 kwa ajili ya kodi tu. Basi raia aliyezaliwa huko huko, ikiwa mkewe ana namba hii ya pili, alikosa dola zake 1,200. Na watoto wake, raia kama yeye, wakakosa zao. Wanajeshi peke yao ndio walioepushwa na sharti hilo.

Tazameni ajabu ya hesabu hii! Lau raia huyo angalipeleka hesabu yake mbali na ya mkewe, angalipata. Kwa kuwa alilifunua daftari zima la nyumba yake mbele ya Serikali, akanyimwa. Sisi wenye maduka twajua: mdeni akija kulipa kwa uwazi nawe ukamwadhibu, kesho atajificha. Na fedha ya yule mke haikukataliwa kwa kuwa ni ya mgeni; ilipokewa, ikahesabiwa, ikatiwa hazinani.

Watetezi wa sharti hilo husema kuwa fedha ya umma isimfikie asiyeruhusiwa kukaa nchini. Hatuidharau hoja hiyo, ijapokuwa si kila mwenye namba ile amevunja sheria. Lakini jawabu lake ni kulizuia fungu la mgeni na kumpa raia la kwake. Haki ya raia haipimwi kwa kuulizwa amemwoa nani.

Marekani yenyewe ililikubali hilo kwa vitendo. Mwezi wa Desemba 2020 sheria mpya ilimrejeshea raia fungu lake na la watoto wake, hata lile la Machi. Ila mzizi haujang'olewa. Nafuu wapewayo wafanyakazi wa kipato kidogo, tangu sheria ya 1996, ingali ikidai namba za Hifadhi ya Jamii za mume na mke. Na hapa hata kutenga hesabu hakumfai raia aishiye nyumba moja na mwenziwe.

Sisi watu wa visiwani, ambao tangu kale tumeoana na waliovuka bahari, hatuwezi kuliita jambo hili la mbali. Serikali yo yote ikileta nafuu, tusihesabu fedha tu. Tuulize ni nani aliyeachwa nje, na kwa hoja gani. Palipo na mkono wa kupokea kodi ya nyumba nzima, na uwepo mkono wa kumlipa raia haki yake.