Jani Bichi na Jeraha la Panga

Ndugu mkulima, panga likikukata mguu shambani, usitafune majani ya mwarobaini na kuyabandika kidondani. Sisemi kwamba wazee wetu walikosea. Wataalamu wamejaribu dawa iliyokamuliwa katika majani hayo, wakaona inazuia baadhi ya vijidudu viozeshavyo vidonda. Lakini walijaribu katika vyombo safi, kwa kipimo maalum. Jani ulilochuma kando ya boma lina vumbi la udongo na samadi, na humo ndimo vikaamo vijidudu vya pepopunda, ugonjwa unaoua. Shauri langu ni hili: osha jeraha kwa sabuni na maji safi mengi, lifunge kwa kitambaa safi, kisha nenda zahanati ukaombe sindano ya kukinga pepopunda. Mwarobaini utakungoja, pepopunda haingoji.