Radio ya Mtaa Isifungiwe ndani ya Dekodere

Bandugu, siku hizi ku Lubumbashi kila mwenye radio anaota kusema neno moja: "Sasa tuko ku satelite." Akilisema, watu wanapiga mikono. Siye hatupigi mikono haraka. Hatuko maadui wa satelite, na hatutaki mji ubaki nyuma. Tunauliza tu: nani atasikia, nani atalipa, na nani ataweka kidole juu ya kifungo cha kuzima?

Kwanza tufahamiane namna kitu chenyewe kinavyotembea. Radio ya FM inatoka studio, inapanda ku mlingoti, inaanguka moja kwa moja ndani ya kiradio cha mama wa soko. Hakuna mtu katikati. Ile ya buke ya kulipia inatoka studio ile ile, saa ile ile, maneno yale yale, lakini inapita kwanza ku kompanyi yenye inaifunga pamoja na mpira na filme, inapanda angani kilomita karibu 36.000, inashuka ku parabola, inaingia dekodere. Na dekodere inauliza: umelipa abonema? Kama haujalipa, hakuna sauti. Katikati ya mtangazaji na msikilizaji kumeingia mtu wa tatu, na ufunguo uko mu mfuko wake.

Tembea asubuhi Katuba, Kenya, Ruashi ao Kamalondo. Fundi viatu ana kiradio cha mabuye, kimefungwa na lastiki ili kisifunguke. Motari anasikiliza mu telefone, ekutere moja ku sikio. Ule waya wa ekutere ndio antena, na FM ya telefone haili mega hata moja. (Telefone mpya zenye zinakuja bila tundu la ekutere na bila FM, ile ni hadithi ingine, tutaiandika siku yake.) Mama wa makala hana hata telefone ya namna ile, lakini anasikia ya jirani. Hao ndio wasikilizaji wa radio ya mtaa. Wengi wao hawana parabola juu ya nyumba. Na mwenye parabola naye anategemea kurant, na mambo ya kurant tunayajua siye bote. Abonema inahesabu siku kwa kalenda, haihesabu siku zenye kurant. Umelipa mwezi, kurant imekosa siku kumi, zile siku kumi zimekwenda na hakuna atakayekurudishia.

Sasa fikiri kile chenye kinapita ku radio ya mji. Tangazo la kilio: nani amefariki, matanga iko avenue gani, mwili utatoka saa ngapi. Mtoto amepotea karibu na soko. Maji yatakosa mtaa fulani. Unga wa mahindi kutoka Zambia umesimama Kasumbalesa, bei ya mfuko itapanda. Haya yote hayana faida kama yanafika kesho, na hayana faida kama yanafika kwa mwenye kadi peke yake. Kwa tajiri wa Golf, bei ya unga ni habari tu. Kwa familia ya watu tisa Kigoma, ni bukari ya mangaribi.

Kuna pia neno la lugha. Mji huu umelelewa na radio yenye kusema namna tunavyosema. Mufwankolo na kundi lake walichekesha Lubumbashi miaka na miaka, kwenye radio na baadaye televisheni, kwa Kiswahili chetu hiki cha kambi na cha soko, na bavieux wetu bado wanarudilia vichekesho vyao. Radio ikishafikiri msikilizaji wake yuko Kinshasa, Bruxelles na Johannesburg, inaanza kubadilisha mdomo. Kifaransa kinajaa, Kibemba na Kisanga zinakuwa za Jumapili asubuhi, tangazo la kilio linahamishwa saa sita ya usiku juu "halipendezi watu wa mbali". Hakuna mtu atakayetoa amri ya kufanya hivyo. Itakuja polepole tu, na tukishituka itakuwa imeshafika.

Wengine watatuambia: lakini ndugu zetu wa diaspora wanataka kusikia kwao. Kweli, na wana haki. Ila mtu mwenye anaishi Bruxelles hatanunua dekodere ya Kongo, anafungua intaneti. Basi tusitumie jina la diaspora kuficha hesabu ingine.

Na hesabu yenyewe ni hii. Nafasi ku satelite haitolewi bure: mtu lazima alipe, mwezi kwa mwezi, na kwa dolari. Radio ngapi za hapa zinalipa wanahabari wao mshahara wa kweli kila mwezi? Kila mtu anajua kupaja, ile bahasha yenye mwenye mkutano anampa mwanahabari ili habari ipite. Hatuchekelei wanahabari. Kijana mwenye micro mkononi, bila kontra, na watoto nyumbani, tunamfahamu. Lakini mwenye radio akisema hana makuta ya mishahara, hana ya mazuti ya jenereta, halafu anapata ya satelite, tunapashwa kuuliza ile imetoka wapi. Mara nyingi jibu liko karibu na siasa, juu radio nyingi za mji huu zina baba, na baba yule ana chama ao anatafuta kiti. Yeye hatafuti mama wa makala. Anatafuta kuonekana Kinshasa.

Hapa tufike ku kifungo.

Lubumbashi inajua bei ya radio kuliko miji mingi. Tarehe 13 Septemba 1961, wakati askari wa Umoja wa Mataifa walianza operesheni yao ndani ya Élisabethville, mji wetu wa leo, posta na radio zilikuwa kati ya mahali pa kwanza walipokwenda kukamata. Watu walikufa pale. Hawakufa juu ya muziki. Kila upande ulifahamu kwamba mwenye kushika radio anashika masikio ya mji.

Miaka ikapita, mtindo ukabadilika, tamaa ikabaki. RFI ilinyamazishwa ku FM katika inchi yote kutoka Julai 2009 hadi Oktoba 2010. Novemba 2016 ilikatwa tena Kinshasa, na mawimbi ya Radio Okapi yakavurugwa siku zile zile. Hapa kwetu, mwaka 2016, Nyota na Mosaïque zilifungwa, wakati mwenye nazo alikuwa amehama upande wa utawala na kuingia upinzani. Zilikaa kimya hadi 2019. Wakubwa walisema ni mambo ya kodi. Kila mtu alifanya hesabu yake kichwani. Halafu tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi mzima, SMS nazo zikafuata, na FM ya RFI ikazimwa.

Na sasa tuseme kweli yote, hata yenye haitusaidii. Siku zile za Januari 2019, wenye parabola waliendelea kusikia RFI kupitia satelite. Kwa hiyo satelite ilisaidia. Mlingoti wa FM uko hapa chini: polisi wawili na kofuli wanatosha kuunyamazisha. Satelite iko juu, hakuna kofuli yenye inafika kule. Kama kijana wa mrengo wetu anatuambia "ile ndiyo sababu tunaitaka", hatutamcheka.

Lakini buke ya kulipia haiko satelite tupu. Ni kompanyi, yenye ofisi mjini, yenye ruhusa ya Leta, yenye biashara ya kulinda. Angalia Afrika ya Magharibi. Mali ilisimamisha RFI na France 24 mwezi wa Machi 2022, Burkina Faso ikasimamisha RFI Desemba 2022 na France 24 Machi 2023. Wakubwa hawakuhitaji kuvunja milango ya studio za Paris. Waliandika barua tu. Kama chombo kikubwa cha Ufaransa kinatolewa kwa karatasi, radio ndogo ya Ruashi itatolewa kwa simu. Na kompanyi haitapigana juu yake. Itapigania mpira.

Zaidi ya hapo, wenye kushika mlango wanapunguka. Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilimaliza kuchukua MultiChoice ya Afrika Kusini, wenye DStv. Yaani dekodere mbili kubwa zenye tulikuwa tunazijua kama washindani, ile ya upande wa Kifaransa na ile ya upande wa Kiingereza, leo ziko chini ya kichwa kimoja. Marekani walipitia njia hiyo zamani: kulikuwa radio mbili za satelite za kulipia, Sirius na XM, na mwaka 2008 zikawa moja. Pale walau kila mtu ana FM ndani ya gari lake. Hapa gari lenyewe tunalisukuma.

Na Afrika ilishajaribu. Vijana wengi hawajui jina WorldSpace. Mwethiopia Noah Samara aliota ndoto nzuri kabisa: radio safi ya satelite kwa watu wenye hawana FM, hawana barabara, hawana gazeti. Satelite yake AfriStar ilirushwa Oktoba 1998, huduma ikaanza mwaka 1999. Lakini ilihitaji kiradio chake maalum, na bei ya kile kiradio mkulima wa Kasenga hangeiweza hata angeuza mavuno. Watu wa kulipa wakakosa, kompanyi ikageukia abonema, na Oktoba 2008 ikaenda mahakamani huko Marekani kutangaza kufilisika. Vile viradio vikabaki masanduku. Ndoto ilikuwa ya maskini, biashara ilikuwa ya tajiri, na biashara ndiyo iliamua.

Kuna njia ingine, na tunaisikia kila siku bila kuiangalia. Radio Okapi, tangu 25 Februari 2002, inatumia satelite nyuma ya pazia: programu inatoka Kinshasa, inapanda juu, inashukia ku milingoti ya FM ndani ya miji mingi ya inchi, na sisi tunaipata bure, kwa Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo. Satelite inamtumikia FM. Mama wa makala hajui hata kama kuna satelite, na hana haja ya kujua. Kwa nini radio za Lubumbashi zisijiunge mbili ao tatu, zikodi nafasi moja, na kupeleka sauti ya mji hadi ku vilingoti vya Mitwaba, Pweto na Sakania, kule kwenye habari zinafika kwa dereva wa lori? Ile tungeipigia mikono miwili.

Katiba, kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Haikusema kila mwenye kadi. CSAC iko ndani ya Katiba hiyo hiyo ili ilinde uhuru wa vyombo vya habari, si kwa kugawa barua za kufunga peke yake. Kwa hiyo tunaomba mambo ya wazi.

Radio yenye ilipewa ruhusa ya FM kwa ajili ya Lubumbashi isiruhusiwe kuacha mlingoti wake uoze juu imepata satelite. Masaa ya FM yasipunguke hata moja. Ndani ya buke, chaine za radio za mji ziachwe wazi, zisikike hata siku abonema imekwisha. Ufundi wake si mgumu, ni uamuzi tu wa kutofunga, na kompanyi haitapoteza mteja wa mpira juu ya tangazo la kilio. Kontra kati ya radio na wenye satelite ijulikane kwa CSAC na kwa wafanyakazi wa radio, hasa mahali penye kuandikwa nani anaweza kukata, kwa sababu gani, na kwa siku ngapi mbele. Mishahara ilipwe kwanza. Na nyimbo za wanamuziki wetu zikipanda angani na kuuziwa watu, SOCODA ieleze haki yao inaingia wapi, juu hadi leo wengi wanaishi kwa matanga na ndoa.

Barua yenye maombi haya tutaipeleka ku ofisi ya CSAC ya mkoa, kopi moja moja kwa kila radio yenye itakubali kuipokea, na kopi kwa kompanyi za dekodere zenye ofisi mjini. Wenye hawataipokea tutawataja hapa. Wenye watajibu, jibu lao tutalitoa lote, hata kama linatupinga.

Wewe mwenye kusoma, pita ku radio ya mtaa wako wiki hii. Uliza jenereta inatembea masaa ngapi, na FM inazimika saa ngapi. Na kama unafanya kazi ndani ya mojawapo na kontra ya satelite imepita mbele ya macho yako, tafuta ukurasa wenye kusema juu ya kukatwa. Tuambie yenye umesoma. Jina lako litabaki kwetu.