Mirija katika Vitu vya Bure

Wapo watu wanaodai kwamba msanifu anayegawa kazi yake bure anaweza kuifanya atakavyo, na kwamba aliyeipokea hana budi kunyamaza kwa kuwa hakutoa hata senti moja. Dai hili limetumika kwa muda mrefu kutetea uchafu katika biashara ya mandhari za blogu, yaani zile sura zilizokwisha kupangwa rangi, herufi na kurasa, ambazo mwenye blogu huzichukua na kuzitumia. Ni dai potofu kabisa.

Hakuna anayekataa kwamba kugawa bure ni biashara halali. Mandhari ya Astra, kazi ya kampuni ya Brainstorm Force ya India, hutolewa bure, na tovuti zaidi ya milioni moja huitumia. Anayetaka zaidi hununua Astra Pro. Mnunuzi anaijua bei, muuzaji anaijua bidhaa yake. Hapo nani amenyonywa?

Unyonyaji huanza pale malipo yanapofichwa. Injini za kutafutia huupa ukurasa hadhi kwa kutazama, pamoja na mambo mengine, viungo vinavyouelekea. Basi wafanyabiashara wa kamari, mikopo na vidonge waliwalipa wasanifu wapachike viungo vyao chini ya mandhari za bure. Wengine waliyafumba maandishi hayo ya programu yasisomeke, na aliyethubutu kuyaondoa alikuta blogu yake imeharibika. Mwaka 2007 WordPress iliamua kuziondoa mandhari za namna hiyo katika orodha yake. Mchezo haukwisha. Agosti 2020 Astra yenyewe ilisimamishwa katika orodha hiyo kwa sababu ya viungo vya kamisheni vilivyokatazwa na kanuni. Ilirejeshwa baada ya kuviondoa, jambo linaloonyesha kwamba iliweza kuishi bila hivyo.

Watetezi wa mirija hii husahau jambo moja, au hujisahaulisha. Msanifu naye ni mpokeaji. WordPress anayoijengea mandhari ilitolewa bure mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, nao waliijenga juu ya b2, programu ya Michel Valdrighi, iliyotolewa bure vilevile. Leseni yake, GPL, inampa kila mtumiaji haki ya kuisoma programu, kuibadilisha na kuigawa. Anayechota katika kisima hicho kisha akaweka kufuli kwenye ndoo ya mwenzake anadai shukrani ya nini?

Mwalimu aliyeifungulia shule yake blogu, akakuta chini ya ukurasa kiungo cha kamari ambacho wanafunzi wake wanaweza kukibonyeza, haombi hisani. Ana haki ya kukifuta leo hii, na msanifu aliyekificha ndiye anayepaswa kutoa maelezo.