Chanzo Hakijajulikana, Kinga Inajulikana

Ndugu msomaji, liko swali ambalo wataalamu wa afya wamekuwa wakiulizana kwa zaidi ya miaka 60, na hadi leo jibu lake halijakamilika. Kwa nini watoto wa baadhi ya vijiji vya kando ya mito iendayo kasi huanza kutikisa vichwa, baadaye wakaanza kuanguka kifafa, na mwishowe wakadumaa mwili na akili? Nimeona vema tulizungumze waziwazi, kwa kuwa wengi wamelifanya pengo hilo la elimu kuwa kisingizio cha kukaa bila kutenda, na wanaoumia ni watoto.

Habari ya maradhi haya ilianza kuandikwa hapa kwetu Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Mahenge, katika milima ya Ulanga, daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall. Aliwakuta Wapogoro wakiishi na kifafa kwa wingi usio wa kawaida, wagonjwa wakiwa wametengwa na kukatiwa tamaa. Akafungua kliniki, akaanza kutoa dawa, na mwaka 1965 akachapisha aliyoyaona. Miongoni mwa wagonjwa wake walikuwamo watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa tena na tena. Wenyeji walikwisha kuliona jambo hilo na kumwita mtoto wa namna hiyo kuwa amesinzia kichwa.

Mtazame mtoto huyo wakati wa kula. Ameketi na nduguze kwenye sinia, anamega tonge, na kabla halijafika kinywani shingo inalegea. Kidevu kinashuka kifuani, kinainuka, kinashuka tena, pengine mara 10, pengine 20 kwa dakika moja. Macho yako wazi, lakini ukimwita haitiki. Hali ikipita anaendelea kula na wenzake. Baridi ya asubuhi nayo huweza kumletea. Vipimo vya umeme wa ubongo vimekwisha kuthibitisha kwamba huko kuinama si usingizi wala utundu. Ni kifafa chenyewe, ambacho kwa nukta chache huiondolea misuli ya shingo nguvu zake. Mara nyingi huanza mtoto akiwa na umri wa kati ya miaka 5 na 15, naye kabla ya hapo alikuwa mzima, anakimbia na kucheza.

Kilichokuwa kimejificha Mahenge kilikuja kulipuka kaskazini mwa Uganda, katika Kitgum, Pader na Lamwo, pamoja na Sudan Kusini upande wa magharibi wa Equatoria. Kwa Waacholi kilifika wakati wa balaa juu ya balaa. Vita vya Lord's Resistance Army viliwasukuma makambini, ng'ombe wakaisha, mashamba yakaota pori. Maelfu ya watoto waliugua. Baadhi ya wazazi, walipolazimika kwenda kutafuta chakula, waliwafunga watoto wao kamba mguuni wasije wakaangukia motoni au wakapotelea porini. Picha zao zilienea duniani, na wako waliowalaani wazazi hao kuwa ni makatili. Mimi nasema waliowalaani hawakuuliza ni nani angebaki na mtoto. Zahanati haikuwa na dawa wala maelezo ya kuwapa wazazi.

Penye pengo la maelezo huingia kila kitu. Wako waliosema ni mizimu ya waliouawa vitani wasizikwe. Wako waliosema ni sumu ya mabomu, au mahindi ya msaada yaliyoota ukungu, au kijicho cha jirani. Wataalamu nao walikuwa na dhana zao. Walichunguza kemikali, surua, mihogo, ukungu wa nafaka, hata upungufu wa vitamini B6. Siwalaumu, maana kuchunguza ndiyo kazi yao, na dhana iliyopimwa ikaanguka inapunguza njia za kupotea. Lakini mtaalamu huiacha dhana yake ushahidi unapoikataa, wakati bibi kizee aliyeitwa mchawi hana wa kumrudishia heshima yake.

Sasa, ni yapi tunayoyajua? Tunajua kwamba kutikisa kichwa hupatikana palepale penye usubi, na sana sana penye usubi mkali usiodhibitiwa. Usubi huletwa na minyoo inayosambazwa na inzi mdogo mweusi anayezaliana katika maji yaendayo kasi, kwenye maporomoko na miamba ya mtoni. Anapouma huacha vijidudu ambavyo hukua kuwa minyoo chini ya ngozi, nayo huzaa mamilioni ya vijidudu vinavyotambaa mwilini. Hivyo ndivyo vinavyowasha ngozi hadi ikakunjamana kama ya mzee, na vinavyopofusha macho.

Kukutana mahali pamoja hakutoshi kuwa ushahidi, na msomaji mwenye shaka ana haki ya kusema hivyo. Ndiyo sababu napenda ulijue la Kamerun. Katika bonde la mto Mbam watoto walipimwa ngozi zao kati ya mwaka 1991 na 1993, zikahesabiwa idadi za vijidudu vya usubi walivyokuwa navyo. Mwaka 2017 watafiti walirudi katika vijiji vilevile wakaulizia hali zao. Waliokuwa na vijidudu vingi utotoni ndio waliopata kifafa kwa wingi zaidi walipokua, na kadiri vijidudu vilivyozidi ndivyo hatari ilivyozidi. Minyoo ilitangulia na kifafa kikafuata.

La pili ni la Uganda. Mwaka 2012 serikali yake ilianza kuwagawia watu dawa ya ivermectin mara mbili kwa mwaka katika wilaya zilizoathirika, na kutia dawa katika mito ya Aswa na Pager ili kuua viluwiluwi vya inzi. Baada ya muda si mrefu wagonjwa wapya wa kutikisa kichwa karibu wakakoma kabisa. Kumbuka kwamba wakati huohuo vita vilikuwa vimekwisha na watu wamerudi majumbani kwao, kwa hiyo mtu makini hatasema dawa peke yake ndiyo iliyofanya kazi yote. Lakini ukiliweka hilo pamoja na la Kamerun, na pamoja na ramani ya usubi, mizani inaelemea upande mmoja waziwazi.

Haya, na yasiyojulikana? Ni mengi, wala sitayaficha. Watafiti wameyapima maji ya uti wa mgongo ya watoto wagonjwa wakamkosa mdudu. Kama hayumo kwenye ubongo, anauumizaje? Mwaka 2017 kundi la wanasayansi wa Marekani lilieleza kwamba huenda kingamwili ambazo mwili huzitengeneza kupigana na minyoo hukosea shabaha na kushambulia protini moja ya ubongo. Dhana hiyo ilipokewa kwa shangwe, lakini wataalamu hawajakubaliana juu yake. Mwaka uliofuata ikaelezwa kwamba katika bongo za vijana wa Uganda waliokufa kwa maradhi haya yalionekana mabaki ya protini aina ya zile zionekanazo kwa wazee waliopoteza kumbukumbu. Hakuna aliyethibitisha kama mabaki hayo ndiyo yaliyoleta ugonjwa au ni makovu ya miaka mingi ya kuanguka. Tena, yapo maeneo mengi ya Afrika Magharibi yaliyosumbuliwa na usubi kwa vizazi na vizazi, wala kutikisa kichwa hakukuonekana huko kwa kiasi cha Pader au Mahenge.

Hapa ndipo ninapotaka kubishana na wale wasemao, "Wenyewe madaktari hawajui, mimi nimeze dawa ya nini?" Hoja hii nimeisikia kwa watu wenye akili zao, nayo haifai kubezwa. Inafaa kujibiwa. Kujua njia ugonjwa unapopitia ni elimu moja, na kujua unavyofanya kazi ndani ya mwili ni elimu nyingine, na ile ya kwanza yatosha kuuzuia. Afrika Mashariki tuna ushahidi wake. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, alianza kuchunguza uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari na wenzake wawili kutoka nchi hadi nchi, hospitali hadi hospitali, akiuliza uvimbe huo umeonekana wapi na wapi haujaonekana. Ramani yake ikaonyesha kwamba unafuata joto na mvua, palepale penye malaria kali. Kirusi kinachohusika kiligunduliwa London mwaka 1964, katika vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Namna kirusi hicho na malaria vinavyosaidiana kuleta saratani inachunguzwa hadi leo. Lakini watoto walianza kutibiwa kwa dawa na baadhi yao wakapona katika miaka ileile ya 1960. Kama Burkitt angengoja elimu yote ikamilike, watoto hao wangezikwa.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, na hufanywa na sisi tunaojiona tumesoma. Ofisa hupanda jukwaani akatangaza kwamba usubi ndio chanzo na mjadala umefungwa. Mwaka unaofuata mwananchi anasikia redioni utafiti unaosema bado kuna maswali, naye anahitimisha kwamba alidanganywa. Kumweleza mtu ukweli wote, pamoja na mipaka yake, hakumpunguzii imani. Mkulima wa Mahenge hupanda kila mwaka bila kujua mvua itanyesha lini hasa. Hataogopa kuambiwa kwamba jambo fulani lina ushahidi mzito ingawa halijamalizika.

Tuwe wakweli vilevile juu ya dawa yenyewe. Ivermectin ni dawa njema. Waliotoa msingi wake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure kwa ajili ya usubi tangu mwaka 1987. Lakini baadhi ya watu, wakiimeza kwa mara ya kwanza, huwashwa kupita kiasi, huvimba uso au hupata homa. Mtu asipoambiwa mapema kwamba hiyo ni mizoga ya vijidudu vinavyokufa ndani ya ngozi, na kwamba hali hiyo hupita, ataamini amelishwa sumu, na mwakani atajificha. Tena dawa hii huua watoto wa minyoo na kumzuia mama yao kuzaa kwa miezi kadhaa, haimuui yeye mwenyewe, naye anaweza kuishi miaka 10 hadi 15. Ndiyo maana mtu humeza mwaka hadi mwaka. Anayemeza mwaka mmoja akaruka miwili anaipa minyoo nafasi ya kujaza tena mwili, na kuwapa inzi cha kubeba.

Mahenge yenyewe ni ushahidi mchungu wa jambo hilo. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Bruno Mmbando wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu walichapisha matokeo ya uchunguzi wao huko. Walikuta kifafa kingali kingi katika vijiji vya pembezoni baada ya miaka 20 ya kugawa dawa, na watoto wa miaka 6 hadi 10 wana alama za maambukizi kwenye damu. Watoto hao walizaliwa dawa ikiwa tayari inagawiwa. Yawezekana sababu ni zaidi ya moja, lakini mojawapo tunaijua. Kugawa dawa ni jambo moja na kila mtu kuimeza ni jambo jingine, na takwimu za wilaya huhesabu zaidi lile la kwanza.

Liko jambo lililo na uhakika kabisa, wala halihitaji utafiti mwingine hata mmoja. Kifafa hakiambukizwi. Povu la mgonjwa, mate yake, mkojo wake, kikombe chake, havimpi mtu kifafa. Lakini katika vijiji vingi mtu anapoanguka wenzake hukimbia wasije wakaguswa na povu, na akiangukia kwenye mafiga huachwa hapo hadi mwili utulie. Wenye kifafa wengi wa Mahenge wana makovu ya moto usoni na mikononi, na vidole vilivyoshikana. Makovu hayo hayakuletwa na minyoo. Yaliletwa na hofu yetu, na sayansi ilikwisha kutuambia zamani kwamba hofu hiyo haina msingi. Akianguka mtu, mwondoe penye moto, mlaze ubavu, mwekee nguo laini chini ya kichwa, usimtie kijiko wala kidole kinywani, kaa naye hadi azinduke. Dawa za kuzuia kifafa zipo, na fenobabitoni ni ya bei nafuu. Akiisha kuanza asiikatishe ghafla, kwa kuwa kuikatisha huweza kuleta kifafa kisichokatika, nacho huua.

Kwa watafiti nina neno. Watu wa Mahenge na Pader wametoa damu, ngozi, maji ya uti wa mgongo, na wengine wamekubali hata bongo za watoto wao waliokufa zichunguzwe. Wana haki ya kurudishiwa majibu kwa lugha wanayoielewa, kwenye mkutano wa kijiji, hata kama jibu lenyewe ni "bado hatujajua". Mtafiti anayeondoka na vichupa vyake asirudi tena anampa mganga wa ramli kazi ya kumalizia maelezo. Na kwa serikali zetu, usimamizi wa umezaji wa dawa katika vijiji vya mwisho wa barabara usiachiwe mgawa dawa mmoja anayejitolea kwa miguu.

Nawe ndugu msomaji unayeishi kwenye mabonde ya usubi, siku ya kumeza dawa itakapotangazwa, usitume mtu akuandikishe. Nenda wewe mwenyewe ukasimame kwenye fimbo ya kupimia urefu, kwa maana vidonge hutolewa kulingana na kimo, kuanzia kimoja hadi vinne. Mpeleke kila mtoto aliyefikia sentimita 90. Mjamzito na aliyejifungua wiki hiyo wangoje, nao wakumbukwe kwenye zamu inayofuata. Na kama nyumbani mwako yuko mtoto aliyeanza kuinamisha kichwa akiwa anakula, usimpige kwa kudhani anasinzia, wala usimfiche. Mpeleke zahanati wiki hii.