Segma za moteri: tupime mbele ya kufunga

Wakati moteri ya mashini yetu ya kusaga mihogo ilifunguliwa mwaka jana, tulirudisha segma za zamani ili tuchunge makuta ya koperative. Tulikosea. Miezi miwili haikuisha: moshi wa bulu, mafuta ya moteri yanaisha kila siku, na wamama wakarudi ku kinu.

Sisi tunaona hivi: moteri ikisha kufunguliwa, segma mupya njo bei ndogo kuliko kufungua tena. Lakini tusikimbilie kununua. Fundi aingize segma peke yake ndani ya silinda, bila pistoni, ikae sawa, apime mwanya wa ncha zake juu, kisha chini. Wa juu ukizidi sana, silinda imelika, na segma mupya peke yake haitasaidia kitu. Wanachama wawili wawepo pale, maana fundi anayelipwa kwa kufungua hana haraka ya kupima.