MASHAURI YA NYUMBANI: Viwanja Viwili vya Ndege



Mwalimu mmoja wa Newala ametuuliza: Kutoka kiwanja cha ndege cha Newala hata kile cha Masasi ni mbali gani, na safari yake ni ya muda gani? Wanafunzi wake wameshindana, wengine wakisema robo saa, wengine saa mbili, wengine siku mbili. Twamjibu kwa furaha, maana wote wana haki.

Kwanza, itazame ramani. Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Wamakonde. Masasi iko chini, upande wa magharibi na kaskazini kidogo, kati ya vilima vya mawe. Nyosha uzi kati ya viwanja hivyo, kisha uupime kwa kipimo cha ramani; utapata yapata kilomita 60. Ndege ndogo iendayo kilomita 200 kwa saa huzimaliza kwa dakika 18. Ongeza dakika za kupaa, za kuzunguka ili rubani aone ya kuwa kiwanja hakina mbuzi wala watu, na za kutua. Yawa nusu saa hivi.

Lakini uzi haujui kuteremka mlima. Barabara hupinda, hushuka kutoka uwandani, huvuka mto Mwiti, nayo ni ndefu kuliko uzi. Wakati wa kiangazi motokaa huenda kwa saa mbili hivi. Mvua ikinyesha sana, hakuna awezaye kuahidi. Ndiyo maana watu walifurahi mwaka 2023, mikataba ilipotiwa sahihi ya kutia lami kilomita 160 kutoka Mnivata, kupita Newala, hata Masasi, pamoja na daraja la Mwiti.

Na yule aliyesema siku mbili? Yeye amewakumbuka wazee. Masasi iliposhambuliwa na Wamagwangwara mwaka 1882, misioni ilihamia Newala, na njia ilikuwa ya miguu. Mtu aendaye kilomita 5 kwa saa hutembea zaidi ya saa 12, wala mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani haendi hivyo.

Basi, umbali ni mmoja, bali muda ni mwingi. Tena msafiri wa kawaida hapandi ndege Newala ili ashukie Masasi. Ndege za abiria watokao Dar es Salaam hutua Mtwara.

Kwa nini twasema haya katika ukurasa wa nyumbani? Kwa sababu tumemwona baba mmoja aliyehesabu kilomita, asihesabu saa. Mkewe alikuwa mja mzito, akasema, "Hospitali si mbali." Uchungu ulianza usiku, mvua ikinyesha, na gari la kwanza lilipatikana alfajiri. Mama alipona, mtoto hakupona.

Enyi akina baba, pimeni njia yenu leo, kabla ya haja. Ulizeni: gari ni la nani? Usiku litapatikana? Mvua ikinyesha njia hupitika? Kisha mama na aende mapema, akae kwa ndugu karibu na hospitali. Nanyi walimu, wapeni watoto hesabu hii darasani: si ya uzi tu, bali ya mlango wa nyumba hata mlango wa hospitali.